Tarehe Ishirini na Tano ya Kila Mwezi

Jumamosi, 25 Januari 2025

Adoyo hana utani! Siku ya Krismasi padri alihubiri kwamba tuiishi sikukuu hii mwaka mzima. Kanisa zima tukaitika Amina, tukaenda kula. Kumbe jirani yangu aliichukua kama ratiba. Leo tarehe imefika naye kapika wali na kuku, mapambo ya kumeta bado yapo mlangoni, watoto wa mtaa mzima wanaimba nyimbo za Krismasi. Sahani imeletwa hadi kwetu, imefunikwa kitambaa. Nimecheka. Nimemwambia mume wangu Mashimba, mwezi ujao atachoka.

Jumanne, 25 Februari

Hajachoka. Kaja mwenyewe kumchukua mama mkwe wangu — Mama ana mtoto wa jicho, haoni — kamshika mkono, kamkalisha kiti cha mbele. Hata Lata wa duka la vitambaa alikuwepo. Anasema yeye si Mkristo, ila wali hauna dini. Baada ya kula, Mama akamwekea Adoyo mkono kichwani, akamwombea kwa jina lake. Nilikuwa nimesimama hapohapo. Miaka sita namwogesha, namchemshia uji, nampeleka kliniki ya macho. Mkono ule haujawahi kufika kichwani kwangu.

Jumanne, 25 Machi

Kwaresima. Hapa nilijua atakwama! Wapi. Kapika maharage na viazi vitamu, anasema hata Mtoto Yesu anafunga. Watu wakacheka, wakampenda zaidi. Mimi nilisema nina mafua, sikwenda. Niliwasikia kupitia ukutani. Mama ana kicheko kikubwa hivyo? Kwangu hajawahi kukitoa.

Jumapili, 25 Mei

Leo nimemtangulia. Nilichinja jogoo kabla ya misa, nikapika pilau, nikatandika kitambaa cha mezani cha sikukuu. Mama akala. Akaniambia, asante mama Jonathan, nyama imeiva. Kisha akauliza: Adoyo anatupitia saa ngapi?

Mashimba alicheka hadi akapaliwa. Eti, mke wangu, unashindana na Krismasi? Ugali wa jioni atajisongea.

Jumatano, 25 Juni

Wamekula. Wameimba. Kaombewa tena.

Ijumaa, 25 Julai

Nimefanya jambo.

Asubuhi Mama aliuliza, kama anavyouliza kila siku, leo tarehe ngapi. Mimi ndiye kalenda yake. Nikasema ishirini na nne. Ilitoka laini tu, hata sikuipanga. Basi kesho, akasema, unipigie kitenge pasi. Leo nitakaa na wewe.

Adoyo alipokuja kumchukua nilimkuta uani, nikamwambia Mama amelala. Akasema haya, mtu asimwamshe.

Na tumekaa kweli! Tumebangua karanga, mimi na Mama, ungo mmoja. Akanisimulia walivyokuwa wakiingoja Krismasi kule Magu, wao wadogo, mama yake akificha mchele wa sikukuu kwenye mtungi wa maji mkavu ili wasiuone, nao wanajua, nao wanajifanya hawajui. Alicheka. Kile kicheko! Hadithi hiyo Mashimba mwenyewe haijui, nimemuuliza kwa simu. Nimeambiwa mimi. Nimefurahi kama mtu aliyeiba na hajakamatwa.

Saa nane watoto wakaanza kuimba kwa Adoyo. Mikono ya Mama ikasimama. Huo si wimbo wa Krismasi? Nikasema wanafanya mazoezi, Mama, ya kesho. Akasema aa. Lakini karanga hakuzigusa tena.

Sasa hivi hodi. Adoyo, na sauti yake ile ya kuamsha mtaa: Shikamoo Bibi! Leo umenitupa? Watu wote wanakuulizia, nikasema basi sahani niilete mwenyewe kabla haijapoa!

Mama akageuza uso upande wangu. Macho hayaoni, lakini yalinipata. Nikasema ngoja nilete kitenge, nikakimbilia chumbani. Ninacho hapa mapajani, sijakipiga pasi, naandikia juu yake. Mwandiko gani huu!

Kule sebuleni Mama hajaitikia hata marahaba. Sasa namsikia, anamuuliza Adoyo polepole, wala si kwa ukali: mwanangu, hebu niambie wewe, leo ni tarehe ngapi?