Matonge ya Karatasi

Songea, chini ya mlima Matogoro

Kwa mke wangu Asumini binti Kawanga, huko Nalasi. Salamu zangu zikukute mzima, nawe ukae kitako uzisikilize mpaka mwisho kabla ya kulia au kukasirika. Ningependa kukuita mama fulani, kama wanavyoitwa wenye watoto, lakini sijui wewe ni mama nani. Nilikuacha na mimba ya miezi saba, sasa ni mwaka na nusu, na sijui ulijifungua salama au vipi, wala kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Mgongo wako je, umepona? Mama mkwe anatembea au bado anatambaa na fimbo yake? Mimi ni mzima. Nalisema hilo mapema kwa sababu nimesikia kwamba huko kwenu mimi ni marehemu.

Habari hii kaniletea Mzee Bakari, mchuuzi wa chumvi, huyo huyo anayekukabidhi barua hii. Anasema alipopumzika Nakapanya alimsikia mtu wa Nalasi akieleza kwamba mke wa Salumu amekaa eda tangu Mfungo Tatu, na siku zikitimia mjomba wake atamwoza kwa mtu wa tumbaku. Nikamuuliza, mtoto je? Akasema hakuuliza. Mtu anabeba kifo changu kutoka Nakapanya mpaka Songea, na hakuona haja ya kuuliza habari za mtoto. Nilimtazama sana mzee yule. Nikashuku katumwa na mjomba wako aje aone kama nimekufa kweli au bado bado. Unanijua nilivyo, hata chai nikiletewa bila kuomba huwa nainusa kwanza.

Leo tuko Mfungo Sita. Nimehesabu, siku zako za eda zilizobaki hazifiki arobaini. Kuja mwenyewe siwezi, mkataba wangu una miezi mitatu tena, na cheti changu cha njia kimefungiwa sandukuni kwa Bwana. Nikitoka bila cheti sitapita Namtumbo, askari watanirudisha hapa na kiboko juu. Kwa hiyo hii barua ndiyo inayonitangulia, na ikichelewa nitakuta wewe ni mke wa mtu. Sasa nisikilize kwa nini umekaa muda wote huu bila neno langu, maana mimi pia nimekaa bila neno lako, na nimekushuku, Asumini, nimekushuku vibaya sana.

Bwana ninayemtumikia ni mzungu anayenunua nta na mpira wa porini. Mfuko wa posta anaushika yeye. Barua za watu wake wote zinaingia na kutoka kwa kupita juu ya meza yake. Nilikuandikia mara tatu, na mara tatu nilimpa mkononi, akaitikia kwa kichwa. Sikupata jibu. Mara ya kwanza nikasema njia mbaya, mvua. Mara ya pili nikasema mjomba wako anazificha. Mara ya tatu, ile ya Ramadhani, nikasema basi, Asumini amenichoka. Nikaacha kuandika.

Mke wake, Bibi, ni mtu wa baridi. Wewe hujui baridi ya hapa. Ikifika wakati wa kipupwe upepo unashuka Matogoro asubuhi mpaka vidole haviwezi kushika kikombe. Chumbani kwake ana jiko la chuma lenye bomba la kutolea moshi, lakini kuni za watu hazitaki. Tangu vita vya maji vilipokwisha anaogopa kila kitu kinachotoka porini. Anasema ndani ya mzigo wa kuni mtu anaweza kuficha dawa. Na karatasi chakavu nazo hataki zitupwe nje, maana aliwahi kumkamata mfagizi amevaa kipande cha gazeti shingoni, kimeshonewa ndani ya ngozi kama hirizi. Basi akakumbuka mambo ya kwao. Akasema mama yake huko Ulaya alikuwa akigeuza karatasi za nyumbani kuwa kuni, nasi tutafanya hivyo.

Kazi yenyewe ni hii. Unachana magazeti, bahasha, karatasi za kufungia sukari, chochote kilichomo kapuni. Unaloweka kwenye pipa siku tatu mpaka vilegee. Unatwanga kwenye kinu, unachanganya na unga wa mbao wa seremala, kisha unakamua kwa mikono miwili mpaka maji yaishe, unabaki na tonge kama la ugali. Unaanika juani kwenye paa la banda. Likikauka ni gumu na jepesi, nalo likiwaka halina haraka, linakula moto polepole kutoka nje kwenda ndani. Matonge manne yanapasha chumba asubuhi nzima. Kwa kweli ni kitu kizuri, sitaki kumnyima Bibi haki yake. Yaliyovunjika alituachia sisi watu wa jikoni, na kipupwe kilichopita nilikipitisha nimenyoosha mikono juu ya matonge hayo.

Kutwanga alipewa Mama Komba, mama mmoja Mngoni anayefua hapa nyumbani. Vita vile vilimchukua mume na kaka zake wawili. Siku ya kwanza alitwanga. Siku ya pili aliona maji yanayotoka kwenye karatasi, meusi kwa wino, akauweka mchi chini. Nikamwambia aendelee, Bibi anatuangalia dirishani. Alinijibu taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto wa jirani.

"Maji ya namna hii tulishapewa, baba. Tukaambiwa yatatulinda. Nimebaki mimi peke yangu."

Hakuugusa tena mchi. Nikatwanga mimi. Na tangu siku hiyo nikamshuku kwamba ataenda kwa wenzake aseme yule Myao anapika maji mapya. Wao walikuwa wakinitazama mimi, mimi nikiwatazama wao, Bibi akitutazama wote kutoka dirishani.

Sasa nakuja mahali penyewe, na hapa Mwalimu anayekusomea namwomba asiharakishe.

Kapuni, katikati ya karatasi za kizungu, zilikuwa zinatokea mara moja moja karatasi zenye herufi zetu za Kiarabu. Nilidhani ni za wapagazi wa pwani au za wafanyabiashara. Unajua tulivyolelewa chuoni. Karatasi ya herufi hizo haikanyagwi wala haitupwi na takataka, kwa sababu huenda ndani yake kuna jina la Mungu. Na barua ya mtu mwingine haisomwi, ni utovu wa adabu. Kwa hiyo kila nilipoiona nilifumba jicho nusu, nikaigeuza uso chini, nikaiosha peke yake kwenye bakuli safi. Wino wetu wa masizi hauna ubishi, unatoka mara moja, si kama ule wa mashine za magazeti. Maji yake niliyabeba mpaka nyuma ya nyumba, nikayamwaga kwenye shina la mgomba ambako hapapiti mguu wa mtu. Karatasi iliyobaki nyeupe ndiyo niliyoitia kinuni. Nilijiona mtu mwema sana. Nilimsalia Mtume kila nilipofanya hivyo.

Wiki mbili zilizopita Bwana alisafisha meza yake, kapu likaja limejaa. Nikatia mkono, nikagusa uzi. Uzi mwekundu, Asumini. Unajua barua zangu nazifunga kwa uzi ninaouvuta kwenye pindo la shuka langu, mafundo mawili. Niliujua uzi wangu kabla sijaiona karatasi. Mafundo yalikuwa vile vile, hayajafunguliwa. Ilikuwa ile barua ya Ramadhani.

Nikaigeuza geuza pale bandani. Bibi aliniona kutoka dirishani, akamwita Bwana. Bwana akaniuliza ni maandishi gani ninayoficha. Nikamwambia sifichi, ni barua yangu mwenyewe niliyompa yeye aipeleke kwa mke wangu. Akasema tangu vita haruhusu herufi hizo zitoke nyumbani kwake wala ziingie, kwa sababu hakuna mzungu hapa anayezisoma, na asichokisoma hakiamini. Hata aibu hakuona. Nikamwomba anisikilize niisome. Nikafungua nikaisoma kwa Kiswahili, mbele yake, mbele ya Bibi, mbele ya Mama Komba aliyekuwa akianika nguo. Nikasoma jinsi ninavyokumbuka mlenda wako, na jinsi nilivyokuombea siku ya kujifungua.

Bwana alisikiliza yote. Kisha akasema, "Na nani atanihakikishia kwamba ndiyo yaliyoandikwa humo?"

Akanichukulia karatasi, akairudisha kapuni kwa mkono wake.

Nikaichana kama nilivyoagizwa. Ndipo nilipoanza kufikiri, na tangu siku hiyo sijala vizuri. Kama zangu hazikutoka, na zako je? Bwana amesema wala haziingii. Zile karatasi nilizoosha, zile za uso chini, zilikuwa za nani? Niliosha nne, labda tano. Nimezikumbuka moja moja. Na kuna moja, Asumini, ambayo jicho langu liliiona kabla sijaigeuza. Chini ya maandishi palichorwa kiganja kidogo, vidole vitano vifupi, wino umevuka mpaka kidogo kwenye dole gumba, kana kwamba mkono haukutulia. Nikadhani ni talasimu. Waganga wetu wanachora viganja kwenye hirizi, unajua. Nikaogopa, nikaiosha kwa uangalifu kuliko zote, mara tatu, maji yote nikayapeleka kwenye mgomba.

Ulikuwa mkono wa mtoto wetu. Uliushika ukauzungushia wino ili nimwone. Na barua hiyo bila shaka ilisema jina lake, nami nilikataa kuisoma kwa adabu. Karatasi yake niliitwanga, nikaikamua, na huenda ni ile ile iliyonipasha mikono kipupwe kile nikikaa nikikunung'unikia kwamba umenisahau. Nisamehe. Bwana nina hasira naye, lakini kazi ya kuosha niliifanya mimi.

Mama Komba naye nilimshuku bure. Siku ile ile alinipa karatasi ya buluu ya kufungia sukari aliyoitoa pipani kabla haijalowa, akaificha chini ya nguo alizokunja. Alisema tu, "Mwandikie huyo mwanamke." Ndiyo karatasi unayoishika. Mzee Bakari nampa mkononi, haigusi meza ya Bwana, na uzi ni ule ule mwekundu. Mafundo yakiwa mawili, hajaifungua. Likiwa moja au yakiwa matatu, mshukuni.

Sasa najua mjomba wako atasema barua imeghushiwa, kwamba marehemu haandiki. Mwalimu, hapa naomba uvumilie mambo ya nyumbani, na usome kama nilivyoandika, usipunguze. Asumini, siku niliyoondoka ulinificha kiatu kimoja cha ngozi ili nisiende. Nilitafuta, nikacheka, nikaondoka peku, kingine nikakiacha nyuma ya mlango. Sikukuambia kwamba nilikiona ulikokitia. Kimo ndani ya kile kilindo kikubwa cha magome cha kuwekea mtama, kilichosimama karibu na kinu, upande wa chini kabisa. Kama hukukitoa, mpeleke mjomba wako atie mkono wake mwenyewe. Hakuna mwingine duniani anayejua habari hiyo ila mimi na wewe. Akikishika, vua kaniki ya eda, uoge, upake mafuta, na huyo mtu wa tumbaku aambiwe arudi kwake.

Nisalimie mama mkwe wangu, mwambie ninamletea kitambaa cha kujifunga kichwani. Nisalimie mjomba wako Mzee Mkwanda, kwa heshima zote, shikamoo yake. Mwambie sina kinyongo, alisimamia mpwa wake kama inavyompasa, ila amesimama mapema. Nisalimie ndugu yangu Abdala anayelima shamba letu, asilipanue mpaka likavuka kijito kabla sijarudi. Mwalimu namshukuru kwa macho yake, na kwa zile barua nne au tano alizokuandikia zikaishia kwenye mgomba.

Na wewe, mama wa huyo nisiyemjua. Mzee Bakari atapumzika hapo siku mbili, kisha anarudi na chumvi njia hii hii. Mpe jibu, asimpe mtu mwingine yeyote. Kama Mungu amempenda mtoto zaidi yetu na kumchukua, niandikie hivyo hivyo bila kunizungusha. Kama yu hai, mwambie Mwalimu aandike jina lake juu kabisa, kabla ya salamu, nilione kwanza. Halafu mshike mkono, uweke kwenye karatasi, umchore tena kidole kwa kidole. Najua hautakuwa tena mdogo kama ule nilioosha.

Mumeo aliye hai,
Salumu bin Chilumba