Mtoa Hoja wa Lukozi

Muheza, 4 Machi 2024

Mdogo wangu Lightness,

Natumaini hujambo, na shemeji na Alen pia. Mimi mzima, ila goti langu na joto la huku havipatani. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunakatiana kabla hatujamaliza, na karatasi haikatiki. Omari wa Fuso ataileta akirudi kuchukua kabichi.

Omari huyo huyo ndiye aliyenisimulia. Kwamba kila Jumapili, mnada wa sadaka ukiisha pale nje ya kanisa, unasimama na karatasi na akina mama wanapanga foleni kutia sahihi, ili katiba ya chama chetu cha mboga ibadilishwe na mwanamke naye apige kura. Kwamba redio imekuhoji. Nimeisikia mwenyewe hapa sokoni, Mama Alen hivi, Mama Alen vile, mpaka jirani yangu wa meza akaniuliza kama namjua huyo mama.

Lightness, neno hilo alilitamka nani kwanza? Ni mimi niliyesimama mkutanoni mwaka ule tuliomzika baba, nikasema mwanamke analima, mwanamke anabeba, kura anapiga mume. Mwenyekiti akanijibu, "Kaa chini. Wewe huna mume wala mtoto, unamsemea nani?" Watu wakacheka. Haya, mimi nilichumia juani, leo wewe unalia kivulini. Nina wivu, nakuambia wazi nisije nikasingiziwa na Omari.

Dada yako,
Rahabu


Lukozi, 17 Machi 2024

Dada Rahabu, shikamoo.

Sisi wazima, ila Alen anakohoa kidogo kwa ukungu huu. Goti vipi? Nimekuwekea njegere na viazi kwenye kiroba. Kikifika nusu, muulize Omari.

Dada, wazo ni lako, sijakataa. Kwenye redio nilikutaja, wakakata. Lakini na mimi nina langu. Wewe unalionea wivu jina la Mama Alen, mimi nauonea wivu ufunguo wako. Unafunga chumba chako, unauza machungwa yako, hakuna wa kukuuliza umeuza bei gani. Mimi nalima karoti, zikifika sokoni Soni anayepatana bei ni shemeji yako Salvatory, na jioni ananiuliza kwa nini chai haina maziwa.

Shamba la baba bado ni lako na chamani bado ni mwanachama. Panda uje utie sahihi.

Mdogo wako,
Mama Alen


Muheza, 25 Machi 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Mpe Alen pole ya kikohozi. Njegere zimefika salama, asante.

Sahihi ninayo na itabaki kwangu. Karatasi hiyo ina wenyewe. Nikija leo nitakuwa wa ngapi, nyuma ya nani? Endelea na redio yako.

Dada yako,
Rahabu


Lukozi, 20 Aprili 2024

Dada, shikamoo.

Natumaini Pasaka ilikuwa njema na goti limetulia. Alen amepona.

Karatasi zetu zimerudishwa. Katibu wa chama alizisoma mbele ya watu: Mama Beatha, Mama Aron, Mama Kristian. Akasema hao wote si watu anaowajua, chamani hakuna mwanachama mwenye jina la Mama Kristian. Dada, sote tuliandika vile tunavyoitwa. Hata mimi mtoa hoja niliandika Mama Alen. Nani huku ananiita Lightness, ukiacha wewe na mchungaji? Wanaume wamecheka mpaka leo wanaendelea.

Tunaweza kutia sahihi upya kwa majina ya ubatizo. Shida ni kwamba hoja ikirudishwa, aliyeileta haruhusiwi kuileta tena mwaka huo. Lazima asimame mwingine, kabla ya tarehe kumi Mei. Nimewazungukia wote. Sahihi watatia, mbele hawaendi, wanawaogopa waume zao. Wewe huna wa kumwogopa, na jina lako halijafunikwa na la mtu.

Nakuomba huku roho inaniuma. Nilitaka niwe mimi. Nimepanda na kushuka vilima hivi na mvua yote hii, halafu wewe uje kuvuna. Lakini nikinyamaza kwa wivu, wenzangu wote watakosa kura. Njoo.

Mdogo wako,
Lightness


Lukozi, 13 Mei 2024

Dada Rahabu,

Omari kaniambia umerudi Muheza salama. Hoja imepokelewa, itapigiwa kura kwenye mkutano mkuu wa Septemba.

Ulisema vizuri. Katibu alipouliza mtoa hoja ni nani, ukataja majina yako yote matatu na la ukoo ukaongeza. Akina mama walikupigia vigelegele mpaka barabarani na kanga wakakuvika. Mimi nilikuwa kwenye jiko la kanisa nachemsha chai yenu. Hakuna aliyenitaja, hata wewe.

Redio walirudi. Wanakutafuta wewe, nimewapa namba yako.

Lightness


Muheza, 19 Mei 2024

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Goti halijambo, ingawa hukuliuliza.

Barua yako imekuja bila shikamoo. Nimeigeuza na nyuma nikitafuta, haipo. Nilitaka kukasirika, kisha nikacheka peke yangu, maana barua ile ningeweza kuiandika mimi, neno kwa neno. Na sitakudanganya. Vigelegele vile vilikuwa vitamu, jina lako lilinifika mdomoni nikalimeza.

Redio wamepiga. Nimewaambia wamtafute Lightness binti Paskali wa Lukozi. Wakasema hawamjui, wao wanamjua Mama Alen. Nikawaambia ndiye huyo, na jina waliandike lote.

Nimemuuliza katibu, kasema mtoa hoja anaweza kumpa mwanachama mwingine aieleze hoja kabla ya kura. Nimekupa wewe. Septemba nitapanda, utasimama uwaeleze jinsi unavyolima na kubeba. Mimi nitakaa chini, safari hii bila kuambiwa na mtu. Ukiwa unaongea usinitazame usoni, wivu utakuwa unaniuma na sitaki watu wauone.

Msalimie shemeji, na Alen umpe machungwa haya kabla Omari hajayala.

Na ile shikamoo iliyokukwama, marahaba.

Dada yako,
Rahabu