Kila Mtu Anafagia Kushuka

Jumatatu, 3 Machi

Mwanamke mzima, fundi wa nguo za watoto wa shule, halafu mlangoni kwako panaoza! Nimemwambia hivyo hivyo, mbele ya wateja wake. Sikumung'unya. Sindano — ndivyo tunavyomwita — hakuinua uso. Mguu kwenye cherehani, pini mdomoni. "Shikamoo, Bibi." Shikamoo gani hiyo, na nzi namna ile!

Chumba chake ndicho cha mwisho huku chini, kichochoro kinapoishia mtaroni. Zamani lori la taka lilikuwa linasimama hapo hapo. Sasa haliji. Halmashauri imepunguza matumizi, ndivyo wanavyosema. Mfagiaji wetu, Chelewa, wamemwondoa mwezi uliopita. Taa za njiani nazo wamezizima, imebaki moja kule juu kwa wenye nafasi. Sawa. Lakini umaskini wa halmashauri haumkatazi mtu kushika fagio. Mimi na magoti yangu haya nafagia kila alfajiri. Mlangoni kwangu unaweza kuanika mchele bila mkeka.

Jumatano, 5 Machi

Mwanangu kaja. Yeye ni karani huko huko halmashauri, kwa hiyo nilikuwa namvizia. Hajakaa vizuri nikamuuliza, lori liko wapi? Mama, bajeti. Bajeti imebana. Nikamwambia huyu Bajeti kila siku namsikia tu, mlete hapa nimwone uso. Akacheka. Mimi sikucheka. Akasema siku hizi lori linapita barabara kuu peke yake, Jumanne asubuhi, mitaa ya ndani ijipange.

Ijipange! Nilipokuwa nakubeba mgongoni nilikwambia ujipange?

Chai hakuimaliza. Alikuwa anakuna sikio. Akiona haya anakuna sikio, tangu mdogo.

Nesi wa nyumba ya pili jana alirudi zamu ya jioni kiatu kimoja mkononi. Kaingia kwenye taka gizani. Mumewe akiwepo humpokea barabarani na tochi ya simu. Asipokuwepo anateremka mbio, anafika anahema kama kafukuzwa na fisi. Na yule wa juu kabisa, Bwana Geti, hajui hata kama kuna kilichopungua. Ana mtu wake wa mkokoteni. Ana taa zake ukutani. Mvua ni moja, lakini wengine wana miavuli.

Chelewa anashinda kizingitini, mikono juu ya magoti. Sijazoea kumwona amekaa. Nimemwambia fagia basi hata kidogo, mikono isikakamae. "Mama, nikifagia bure watasema walifanya vizuri kuniondoa." Mara moja kwa mwaka mtu anaweza kunishinda maneno.

Ijumaa, 7 Machi

Bwana afya wa halmashauri kafika kwa Sindano. Kapaka alama ya rangi nyekundu mlangoni. Uchafu ukikutwa hapo Jumanne mchana, chumba kinapigwa kufuli. Hatari kwa afya ya umma, kasema, huku kaziba pua na leso.

Halmashauri hiyo hiyo! Mkono mmoja umeondoa fagio, mwingine umeleta kufuli.

Mle ndani kuna nguo za darasa zima, zimekatwa, hazijaunganishwa. Kufuli likipigwa zitabaki humo humo, na cherehani pia. Ana watoto wawili, na cherehani hiyo ndiyo baba yao. Sindano hakulia. Alirudi kukaa, akaendelea kushona, mshono ukaenda upande. Akaufumua. Akashona tena, ukaenda upande tena.

Watu wakajaa. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno — waje waone! Kinyozi anasema hivi, mwingine anasema vile, wote tumeshika viuno. Bwana Geti kateremka kuangalia, kandambili safi miguuni. Kasema, mama huyu ajitahidi kufagia, usafi unaanza na mtu mwenyewe. Na mimi — niandike tu, hapa hakuna msomaji — mimi niliitikia kwa kichwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikwenda na koleo kumfundisha kazi. Naam, kumfundisha! Nikamwambia toka, uone mtu mzima anavyofanya. Akasema, "Nafagia, Bibi. Asubuhi nafagia, nikifunga nafagia. Nikiamka pamejaa tena." Nikasema moyoni, uvivu hauna haya.

Koleo la kwanza. Nywele. Nywele nyingi, nyeusi na za mvi, zimechanganyika. Mtaa huu una kinyozi mmoja tu, na yuko kule katikati.

Koleo la pili. Mkono wa kikombe. Una ua la buluu.

Kikombe hicho kilinivunjikia Jumatatu alfajiri. Vipande nikavifagia nje nikaona basi, yamekwisha.

Nikasimama na koleo langu kama mwizi aliyeshikwa na kuku. Kichochoro chetu kina mteremko. Miaka yote Chelewa alikuwa anafagia kushuka, kwa sababu lori lilikuwa chini. Sisi tukaurithi mkono wake. Lori limehama, mkono haukuhama. Bwana Geti ana mkokoteni, lakini vumbi la getini anamsukumia kinyozi. Kinyozi ananisukumia mimi. Mimi na usafi wangu wa kuanika mchele namsukumia nani? Chini ya pale hakuna wa kumsukumia. Kuna mtaro, na mtaro umeziba.

Nyani haoni kundule.

Ule mkono wa kikombe nikautia mfukoni. Nilimwambia tu akanyooshe mgongo, mimi nitachota kidogo. Akanitazama kama nimeshikwa na homa.

Jumapili, 9 Machi

Nimepita nyumba kwa nyumba. Nimewaambia, kesho jioni tunazoa taka zote, tunazipandisha barabara kuu, Jumanne asubuhi lori lizikute. Kuna nini kigumu hapo?

Kinyozi: Bibi, mimi nafagia mbele yangu, zikishavuka hapo si zangu. Nikamuuliza hizo nywele zina miguu? Akajidai anapuliza mashine yake.

Nesi alikubali kabla sijamaliza kusema. Kasema atapata toroli la kuazima kazini.

Bwana Geti alifungua kile kidirisha cha getini, nikaona macho na pua tu. Kumbe mdomo wa kichochoro na ukuta wake ni kitu kimoja, na hataki magunia ukutani. "Mama, si yatanuka?" Nikamwambia yananuka hata sasa, tofauti ni pua ya nani. Kidirisha kikafungwa.

Kisha simu. Mwanangu. Nani kampelekea habari, sijui, mji huu kuta zina midomo. Mama, nakuomba, usipeleke taka kule juu. Pale ni mbele ya ofisi ya diwani. Nitaitwa. Wataniuliza, yule kikongwe mwenye magunia si mama yako?

Nikamuuliza, utawajibu nini?

Simu ikakatika, au kaikata. Sijapiga tena. Mimi ndiye niliyemzaa, yeye ndiye wa kupiga.

Chelewa nilimwacha wa mwisho. Sikumwomba kufagia. Nilimuuliza tu, lile fagio lako refu lingali hai? Kasema lipo uvunguni. Nikaondoka. Mtu akishavuliwa kazi usimwombe kazi. Muulize habari za fagio.

Jumatatu, 10 Machi

Mawingu yamekaa vibaya tangu adhuhuri. Mvua ikinyesha kabla hatujazoa, taka zote zitaelea mpaka kwenye nguo za watoto, na bwana afya hatahitaji hata kufuli. Naandika nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mlangoni kwa Sindano. Magoti yamegoma kidogo. Nimeyapa ruhusa fupi.

Nesi kaja na toroli. Kinyozi kaja pia, kabwaga magunia matupu na kuanza kuzoa nywele zake kama anamtafuta mtu ndani yake. Sindano anashona midomo ya magunia kwa sindano ile kubwa, uzi wa katani, mishono mirefu. Hata gunia la taka analishona likanyooka. Nimemkemea, si sherehe hii! Anasema hajui kushona ovyo.

Nikatoa ule mkono wa kikombe nikamwonyesha. Kuna vitu vikikaa mfukoni vinakuwa vizito.

Hata hakushangaa. "Nilikijua, Bibi. Nimewahi kunywea chai kwako."

Na ulikiona lini?

"Siku ile ile. Kabla hujaja kunigombeza."

Kwa nini hukusema, wewe mtoto!

"Ningeanzaje, Bibi? Wewe ni mtu mzima."

Nimeandika maneno yake yote ili yanichome vizuri. Heshima nyingine si heshima, ni mzigo mtu anabebeshwa. Nilitaka kumwambia neno. Nikaona nimeshika gunia. Nikamshikia mdomo wa gunia, akashona.

Sasa — ngoja, nesi anapiga kelele kule juu. Kakwama. Bwana Geti kaleta gari lake kaliegesha mdomoni mwa kichochoro, kwa upana, toroli halipiti. Kasema mahali pake siku zote ni hapo. Mwongo, tangu lini! Mtu wa miguu anapita kwa ubavu, lakini gurudumu halipiti.

Matone. Moja hapa mkononi, jingine kwenye karatasi, wino umetanuka.

Chelewa katoka! Kasimama katikati ya njia na fagio lake refu, hajafagia bado, anaangalia juu, anaangalia chini. Miaka yote hiyo hajawahi kufagia kupanda. Na kule nyuma ya gari naona shati jeupe na tai. Ni mwanangu. Namjua kwa kusimama. Kaja kunizuia au kaja kubeba, sijui, na nadhani mwenyewe hajui, mkono uko sikioni.

Basi nimeshasimama. Nimewaambia: acheni toroli, kila mtu gunia lake kichwani, apite kwa ubavu. Sindano, wewe manne ya mwisho, shona haraka, hata yakipinda. Chelewa, nyuma yetu, anza mtaroni, fagia kupanda. Na yule wa shati jeupe, asiulizwe kitu, asisalimiwe kwanza. Mkimfikia, mpeni gunia.