Sahihi ya Dereva

22 Februari

Mke wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, nawe uwagawie wanangu wote wawili, mdogo umpe nyingi zaidi maana mkubwa siku hizi anaona haya kusalimiwa. Hali yako na mafua yako vipi? Mimi nilifika salama, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba kupandisha mabati si kazi ya mtu anayeshinda kwenye usukani.

Huku nimekuta hali ya hewa imechafuka. Sijui kama gazeti limefika kwenu. Wamelipiga picha gari letu jeusi la ofisi, limeegeshwa katika ua wa mama mmoja ng'ambo ya pili ya mji, nyumba yenye geti la kijani. Chini wameandika: Jumamosi tarehe 13, saa nne asubuhi. Halafu wameuliza, Mheshimiwa aliyesimama bungeni mwezi uliopita akawataka viongozi wenzake wawe waaminifu katika ndoa zao, alifuata nini pale?

Sasa naielewa ile likizo ya ghafla. Aliniambia, "Nenda kaezeke nyumba yako, gari nitaendesha mwenyewe." Nami nilimshukuru sana.

Sitakuficha. Nyumba ile naijua. Ni mwaka wa pili nampeleka. Mkewe akipiga simu ofisini kumtafuta, mimi ndiye humwambia kwamba Mheshimiwa yuko kikaoni. Sikuona kama ni uongo wangu. Niliona ni sehemu ya kazi, kama kuosha gari.

Yule mshauri wake tunayemwita Tai, kwa sababu hata msibani haivui tai shingoni, ameniita kesho saa tatu. Nitakuandikia anachotaka.

Mumeo

*

1 Machi

Baba watoto wangu,

Sisi hatujambo. Mafua yamekwisha, mvua imenyesha mara mbili na ndani hakukudondoka hata tone. Binti yetu amefanya jaribio la hesabu na amepata vizuri, anataka nikuandikie kwa herufi kubwa: VIZURI SANA.

Gazeti limefika, linatembea kutoka mkono hadi mkono mpaka picha imeanza kufutika. Juzi yule mzee jirani yetu, karani mstaafu wa mahakama, alikuja kupunguziwa suruali. Akasema mbele ya wateja wangu wote, "Kiongozi tunampima kwa kazi. Huyu ametuletea maji. Ya chumbani ni yake na mkewe." Wengine wakaitikia. Mimi nilikuwa na pini mdomoni.

Lakini nimekuwa nikimfikiria huyo mkewe. Akipiga simu, anaulizaje? Kwa upole? Na wewe ukimjibu, anakushukuru?

Hujaniambia Tai alitaka nini. Niandikie upesi.

Mkeo

*

15 Machi

Baba watoto,

Natumai u mzima. Sisi ni wazima wa mwili.

Wiki mbili nzima hukunijibu, na leo nimejua kwa nini. Nilikuwa nampima kiuno mama mmoja kibandani kwangu, redio imewashwa, ni taarifa ya habari ya saa saba. Msomaji akasema dereva wa Mheshimiwa amekiri kwa maandishi kwamba siku ile ya picha alilichukua gari bila ruhusa na kwenda nalo kwa mwanamke wake. Akataja jina lako, la baba yako, na la babu yako. Yule mama niliyekuwa nampima alishusha mikono polepole, kama vile mimi ni mgonjwa, akaniambia, "Tuache tu, nitarudi kesho."

Nikuondolee hofu kwanza. Sijaamini hata neno moja, na si kwa sababu nakupenda. Tarehe 13 saa nne asubuhi ulikuwa juu ya paa langu umevaa ile kaptura iliyochanika nyuma, na mtaa mzima ulikuona. Karani alikuja mwenyewe jioni, gazeti mkononi, amekasirika kama aliyetukanwa yeye. "Mimi ndiye niliyemshikia ngazi," akasema. "Nilimshikia mpaka mchana. Sasa hawa wanataka kuniambia nilishika ngazi ya nani?"

Kwa hiyo mimi sina wivu. Ningekuwa na wivu ingekuwa afadhali, ningejua la kufanya.

Binti yetu alirudi kutoka shuleni mkono wa shati umechanika. Hakutaka kuniambia alipigana na nani. Wakati namshonea, akauliza, "Mama, baba ana mwanamke?" Nikamwambia hana. Akasema, "Basi kwa nini amesema anaye?"

Mjibu wewe.

Mkeo

*

19 Machi

Mke wangu,

Nakusalimu kwa aibu. Barua hii nimeianza mara nne.

Siku ile Tai aliponiita, karatasi ilikuwa imeshaandikwa. Imebaki sahihi tu. Nikamwambia, "Tarehe hiyo nilikuwa likizo."

"Likizo ipi? Una karatasi ya likizo?"

"Mheshimiwa aliniruhusu kwa mdomo."

"Basi mdomo huohuo ndio unaokuomba msaada leo."

Nikasema, "Mimi nina mke na watoto."

Akasema, "Na yeye anao. Tofauti ni kwamba wa kwako hawamo magazetini."

Wakati anasema hayo, mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi kidogo, na nilikiona kiatu cha Mheshimiwa. Kiatu kile nakijua, huwa nakiona kila siku kikiingia garini. Alikuwa amekaa palepale, anasikia kila kitu. Nilingoja atoke. Nilijiambia, akitoka akanitazama usoni, hataweza kuniomba jambo hili. Hakutoka. Tai akaniambia nikikataa, nikabidhi ufunguo jioni hiyo hiyo na nisahau kuajiriwa tena na ofisi yoyote. Nikatia sahihi.

Si mimi peke yangu. Mhazili aliandika upya ukurasa wa daftari la safari. Askari wa getini ameambiwa aseme aliniona nikitoka na gari. Wote ni watu wazuri. Tunapishana ukumbini tunatazama sakafu.

Kesho yake asubuhi nilimpeleka Mheshimiwa bungeni. Alikaa nyuma kama kawaida. Tulipofika karibu kabisa, akasema, "Asante." Alikuwa akitazama dirishani.

Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na namna ya kukuandikia. Nilidhani kwenu habari haitafika, au ikifika utaijua kuwa ni uongo na yatakwisha. Swali la mtoto sikulifikiria hata kidogo. Niambie nifanyeje.

Mumeo

*

23 Machi

Baba watoto,

Hatujambo. Nimeisoma yako, nimeielewa, na nimelia kidogo halafu nikamaliza sketi tatu.

Nani anampenda nani nyuma ya geti la kijani, hilo si shauri langu, na mpaka majuzi nilikuwa karibu kukubaliana na Karani. Lakini angalia ni watu wangapi wamelazimika kuwa waongo ili mtu mmoja aendelee kuitwa mwaminifu. Mhazili, askari, Tai, wewe. Na mkewe, anayetabasamu pembeni yake kwenye picha. Ni ofisi nzima inafanya kazi hiyo. Mtu aliyekaa chumba cha pili akasikiliza jina la baba wa watoto wawili likichafuliwa kwa niaba yake, asinyanyuke hata kwenye kiti, mimi simwamini na bomba la maji wala simwamini na kitu kingine chochote.

Kazi ikienda, iende. Cherehani ipo na wateja wapo, hata wale wanaokuja kunichungulia uso huishia kuacha nguo.

Umeuliza ufanyeje. Anza na yule mama uliyekuwa ukimwambia mumewe yuko kikaoni.

Mkeo

*

4 Aprili

Mke wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na leo nazituma kwa kifua chepesi. Watoto hawajambo? Wewe unalala? Mimi juzi nililala mpaka saa mbili asubuhi, jambo ambalo halijanitokea tangu nipate leseni.

Nilikwenda nyumbani kwa Mheshimiwa siku ya Jumanne nikijua yuko bungeni. Mkewe alikuwa chumba cha nyuma anapiga pasi mashati. Wana mfanyakazi, lakini mashati hupiga mwenyewe. Nikasimama mlangoni nikasema, "Mama, siku ile ya picha sikuwa na gari."

Hakuinua macho. "Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu. Naezeka."

"Na zile siku za vikao?"

Nikasema, "Havikuwa vikao, mama. Na mimi ndiye niliyekudanganya, kwa mdomo wangu. Nimekuja kukuomba radhi."

Akaisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani, akakaa. Nilidhani atanifukuza. Kisha akasema, "Miaka miwili naambiwa nina wivu usio na sababu. Nimekwenda mpaka kwa daktari nikamwambia huenda kichwa changu hakiko sawa. Wewe ni wa kwanza kuniambia kwamba sina wazimu." Alikuwa analia, lakini si kilio cha kuumizwa, mke wangu. Ni kama mtu aliyetolewa mwiba. Akaenda mwenyewe kutafuta karatasi na kalamu, nikaandikia kwenye meza yao ya kulia chakula kwamba ile sahihi niliitia kwa kushurutishwa, na tarehe 13 nilikuwa wapi, na nani alinishikia ngazi. Aliisoma yote, akasahihisha neno moja nililokosea herufi, akanirudishia.

Nakala moja nikaipeleka kwenye gazeti kwa mguu. Ya pili nikampelekea Tai. Alipoisoma alilegeza ile tai yake. Sikujua ana kovu shingoni.

Jioni Mheshimiwa akaniita. Safari hii tulikuwa wawili tu, naye alisimama. Nikaweka ufunguo wa gari mezani.

"Naweza kukukanusha," akasema.

"Unaweza, Mheshimiwa. Lakini mtaa mzima uliniona."

Akauchukua ufunguo, akaugeuzageuza. "Mke wangu amesema umekwenda kwake."

"Ndiyo."

"Mimi nimeshindwa kwenda kwake miaka miwili, na tunalala chumba kimoja." Hapo akakaa. Akaniuliza kama watoto wangu walisikia ile habari ya redio. Nikamweleza kuhusu shati la binti yetu na alichouliza. Alifunika uso kwa mkono. Nikatoka.

Kesho yake, hata kabla gazeti halijatoka, aliita waandishi wa habari. Nilimwona kwenye runinga ya kinyozi, nusu ya kichwa changu ikiwa imenyolewa. Alisema aliyekuwa na gari ni yeye, dereva hakuwepo, na watumishi wake walisema uongo kwa sababu yeye aliwaachia waseme. Ameacha uenyekiti wa kamati. Ubunge anasema ataamua mpiga kura. Uso ulikuwa umechakaa, lakini mabega yalikuwa yameshuka. Miaka saba nimemwona kwenye kile kioo cha mbele, sijawahi kuyaona mabega yale yameshuka. Kinyozi akasema, "Huyu sasa atapata usingizi."

Askari wa getini alinikimbilia nilipokwenda kuchukua vitu vyangu, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Mhazili amenipa sanduku la kadibodi nifungie vyombo.

Sina kazi, mke wangu. Nakuja na sanduku la kadibodi na godoro. Niambie kama nije.

Mumeo

*

9 Aprili

Baba watoto wangu,

Sote wazima. Barua hii nampa kondakta wa basi akufikishie mkononi, nisiingoje posta.

Redio ilisoma tena jina lako, na la baba yako, na la babu yako. Wale wale wateja, kibanda kile kile. Safari hii nilikuwa nashona, na sikusimamisha cherehani, ila sijui nilikuwa nashona nini, ilibidi nifumue mshono mzima baadaye. Yule mama wa kiuno akasema, "Basi nipime." Nikampima. Binti yetu alikuja mbio kutoka shuleni kuniambia habari ambayo ninayo tayari, nikajifanya sijaisikia, akanisimulia mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza akaomba uji, akanywa, akaenda kucheza. Ni mara ya kwanza ameenda kucheza tangu siku ile.

Karani bado anasema maji ni maji. Nikamwambia ni kweli, hata mimi nayachota. Nikamuuliza, na kura? Akasema atafikiri. Amefikiri tangu Jumatatu.

Mkuu wa shule alipita. Dereva wao wa basi la wanafunzi anastaafu mwisho wa mwezi. Akaniuliza, "Mumeo anajua kuendesha taratibu?" Nikamwambia amewaendesha wakubwa, watoto hawatamshinda. Anakungoja uonane naye.

Nina neno moja, na silisemi kwa hasira. Kwa miaka miwili ulimdanganya yule mama mchana, na likizo ukaja ukala nami meza moja, na mimi sikuona tofauti yoyote usoni mwako. Jambo hilo linanisumbua. Nataka tulizungumze, si kwa barua. Katika barua mtu hupata muda wa kuchagua maneno. Nataka nikuulize na unijibu palepale, hata ukikosea.

Kwa hiyo usinijibu. Pakia vitu vyako uje.

Yapo mabasi mawili. Lile la jioni linafika giza limeshaingia, nami najua ndilo unalolifikiria. Usilipande. Panda la alfajiri, ufike saa sita mchana watu wakiwa wamejaa sokoni. Godoro libebe wewe mwenyewe. Usizungukie nyuma ya zahanati, pita barabara kuu, mbele ya maduka yote, mbele ya kibanda changu. Watakuangalia. Wasalimie mmoja mmoja.

Mkeo