Namba Iliyoshuka

Tabata, Jumatano

Imepanda tena. Wiki iliyopita CRP ya mama, kile kipimo cha damu kinachoonyesha iwapo mwili unapambana na maambukizi, ilikuwa imeshuka kutoka themanini hadi ishirini na mbili. Majibu ya leo ni tisini, na homa imerudi.

Nilimpigia simu nyumbani kwake Segerea kumwuliza kama alimaliza dawa alizoandikiwa za maambukizi ya mapafu.

"Zilizobaki nilimpa jirani, mama Rehema, naye kifua kilimbana. Si wewe uliyesema imeshuka, baba? Nikajua nimepona."

Nilisema hivyo, na nilisema kweli. Nilimfafanulia hata kwamba kipimo hicho hakionyeshi ugonjwa uko wapi. Sikumwambia kwamba namba ilishuka kwa kuwa dawa ilikuwa inafanya kazi, na kwamba kazi yenyewe haijakwisha. Nilidhani hilo halihitaji kusemwa.

Nikamwambia kesho asubuhi nitampeleka hospitali.

"Daktari si atanigombeza?" aliuliza.

"Nitamwomba aanze na mimi, mama."

Akacheka. Kikohozi kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko kicheko, nami nilibaki na simu sikioni mpaka kilipotulia.