Mahindi ya Moshi

Mjukuu wangu Tumpe,

Ugonile? Huku Suma tumeamka salama. Babu yako anakohoa kidogo, ila ubishi wake uko palepale. Nilipofika pale kwenye barua yako ulipoandika "Bibi, nimeharibu," moyo ulinilipuka. Kumbe ni mahindi ya akiba yameota ukungu kwenye ndoo! Nikacheka peke yangu.

Umekosea nilipokosea mimi mwaka nilioolewa. Niliona aibu wageni kuona mahindi yenye masizi, nikayashusha mapema kutoka kichanja cha juu ya jiko, nikayafungia kwenye debe jipya. Mvua ikashika, daraja likasombwa. Nilipofungua debe, uvundo mtupu. Hayakuwa yamekauka. Nikalia.

Mama mkwe hakunigombeza. Alileta mahindi yake, meusi tii, akasema, "Haya hayana sura, mwanangu, lakini yanalika." Tukayala mpaka barabara ilipopitika.

Basi, kabla ya kufunga ndoo, ng'ata punje. Ikipasuka kwa mlio, funga. Nimekutumia gunia la kichanjani kwangu. Litanuka moshi mpaka sebuleni. Waache wageni wanuse.

Bibi yako