Dada, Aliyetangulia Kwenye Barabara ya Mawe Nilikuwa Mimi

Mpendwa dada Wakesho,

Juzi tulishuka Houston kumwona Mama Mdogo kule Sharpstown, na kwa kuwa watoto walikuwa wamechoshwa na joto la fleti, tukawapeleka Galveston kuogelea. Wao walitupa viatu wakakimbilia majini. Mimi nilimtafuta kwanza mlinzi wa ufukwe, nikamuuliza maji yanaanza kujaa saa ngapi. Akakuna kichwa. Akasema hapa maji hupanda kidogo tu, hata sitayaona. Mwanangu akavunjika mbavu kwa kicheko. "Mom, it's just water!" alinipigia kelele, maji yakiwa yamemfika magotini. Mama, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chini ya mwavuli, hakucheka. Tulitazamana, kisha kila mmoja akajifanya anatafuta kitu mkobani mwake.

Ndiyo sababu nakuandikia, na nakuandikia barua ya wazi, isomwe na yeyote. Uliporudishwa Kenya ukiwa na miaka kumi na mitano, ukoo mzima ulijua. Wundanyi walijua, Voi walijua, na shangazi zetu walilizungumza harusini na matangani: yule msichana wa Uingereza ameshindikana, nusura amzamishe mdogo wake. Aibu uliyopewa ilikuwa ya hadharani. Sasa itakuwaje mimi nije kukunong'oneza ukweli sikioni? Kosa lile lilikuwa langu, dada. Nimelikalia miaka ishirini na sita kama kuku aliyekalia mayai.

Unaukumbuka mji wetu kule Uingereza? Mimi huukumbuka kwa pua kwanza: siki kwenye chipsi za moto, mwani uliooza, na rangi mbichi ya mashua za watu walioacha kuvua zamani lakini hawakuacha kupaka rangi. Kiangazi wageni walijaa na aiskrimu zao mikononi. Ikifika Oktoba maduka yalifungwa, tukabaki sisi, shakwe na wazee. Mimi nilikuwa na miaka tisa na pumu isiyonipa nafasi. Baba alikuwa ameshafariki, na Mama alikuwa ameajiriwa kutunza wazee katika jumba la zamani lililokuwa kwenye kisiwa kidogo mbele ya mji. Kufika huko kulikuwa na barabara moja tu, ya mawe, na bahari iliifunika mara mbili kila siku. Ratiba ya maji ilibandikwa kwenye friji yetu, juu ya picha ya Yesu, maana Mama alisema Yesu husubiri, maji hayasubiri.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuisoma. Ulijua mambo ya mji ule kuliko waliozaliwa pale. Jumamosi ulikaa na Bwana Percy, mvuvi mstaafu wa nyumba ya jirani, ukiandika hadithi zake kwenye daftari la shule. Alikueleza jinsi barua zilivyovushwa kwa mkokoteni wa farasi kabla mawe hayajapangwa. Alikupeleka kanisani akakuonyesha ukutani majina ya wanaume wa familia nne walioondoka asubuhi moja wasirudi. Akakueleza habari za kile kibanda cha mbao kilichosimama juu ya miguu mirefu katikati ya njia, kwamba wanakijiji walikijenga baada ya mkunga wao kuzama akienda kuzalisha kisiwani. Alikuita "the professor", na mimi nikaona wivu mpaka nikakuficha kalamu. Leo unafundisha historia Voi. Kila nikiambiwa hivyo nafsi hunisuta, kwa sababu nakumbuka chuo ulichokuwa umekichagua, na kilikuwa mwendo wa treni moja tu kutoka pale.

Jumapili ile Mama alikuwa kazini zamu mbili. Ulikuwa umepika chapati, na mimi nikang'ang'ania tumpelekee zingali moto. Ulitazama friji ukasema, "Muda umebaki kidogo. Atazikuta jioni." Nikachukua bakuli, nikavaa koti langu la manjano, nikatoka. Nilikusikia ukiniita tangu kwenye ngazi. Nilikusikia tena nilipofika mwanzo wa mawe, ukiniita kwa jina langu la ubatizo, jambo ulilolifanya ukikasirika tu. Nikazidi kukimbia. Nikuambie ukweli, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mbele yako katika jambo fulani.

Maji hayakuja na kishindo. Yalitokea pembeni kimya kimya, yakajaza mashimo, kisha mawe ya mbele yangu yakawa hayapo. Ulinifikia, ukanishika kola, ukanipandisha kwenye ngazi ya kile kibanda huku wewe mwenyewe umelowa mpaka mapajani. Tulikaa mle kwa muda wa karibu saa tano. Mashua ya uokoaji ilikuwa imeitwa mbali, na pale tulikuwa salama, kwa hiyo ilibidi tungoje. Kifua changu kikaanza kubana na pampu yangu ya pumu nilikuwa nimeiacha nyumbani. Ulinikumbatia kwa nyuma, ukawa unapumua polepole ili nikufuate. "Usitazame chini," ulisema. "Vuta. Toa. Vuta." Nilipopata nafuu tulikula chapati zote za Mama. Na kule ufukweni Bwana Percy alisimama muda wote huo akipunga shuka jeupe, hakuketi hata mara moja, ili tujue kuna mtu anayetuona.

Maji yalipopwa Mama alikuja mbio na sare yake ya kazi. Hakutukumbatia. Aliuliza, "Nani alisema mvuke?"

Ulinitazama. Neno moja tu lingetosha, na nilikuwa na muda wa kulisema. Nikatazama viatu vyangu. Ukasema, "Ni mimi, Mama."

Nafikiri ulidhani utachapwa, basi yaishe. Hukujua, wala mimi sikujua, kwamba wiki tatu baadaye ungekuwa uwanja wa ndege na sanduku moja, unarudishwa kwa Nyanya kule Wundanyi ukafunzwe adabu, kama wazazi wetu wengi wa ng'ambo wafanyavyo mtoto akiwatisha. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia nilikuwa mimi. Guu lililovunjika likawa lako. Pale uwanjani ulinifunga vizuri vifungo vya koti, ukatia pampu mfukoni mwangu, ukasema, "Usiisahau tena." Nikasema asante. Ndiyo maneno yangu yote ya kukuaga.

Walisema mwaka mmoja. Ukawa miwili, karatasi zako zikapitwa na wakati, Mama akapata kazi Texas akanichukua mimi. Tulikuombea uje, ukakataliwa, tukaomba tena, ukakataliwa, na mwishowe umri wako ukavuka ule wa kuhesabiwa mtoto. Mimi nikasoma hapa, nikawa nesi. Nina nyumba Garland yenye gereji iliyojaa vitu ambavyo hata sivihitaji. Watoto wangu wananijibu kwa Kiingereza, na nikiwagombeza kwa Kiswahili nasikia sauti yako mdomoni mwangu. Mara nyingi nimetaka kukueleza haya. Kila mara nikajiambia, mbona ni mambo ya utotoni, nani atayakumbuka. Nilijua nani angeyakumbuka.

Mwezi ujao Mama anafanyiwa upasuaji wa moyo. Wiki mbili zilizopita nilimpeleka hospitali kujaza fomu, na karani akamuuliza nani apigiwe simu ikitokea dharura. Mama akataja jina lako. Kisha akataja namba yako ya Voi kwa kichwa, tarakimu zote, bila kukwama.

"Ma'am, we need somebody local," karani akasema.

"That one is my firstborn," Mama akamjibu taratibu. "You write."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na funguo za gari mkononi, mimi ninayempikia uji kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Sikufichi, niliumia. Tulipoingia kwenye gari nikawasha injini na kiyoyozi, kwa sababu jua lilikuwa linachoma, lakini sikuondoka. Nikamwambia yote: chapati, koti, jinsi ulivyoniita na mimi nikakimbia. Nililia kama mtoto, na mimi nakaribia miaka thelathini na sita.

"Nilikuona," Mama akasema.

"Uliniona wapi?"

"Dirishani. Nilikuwa namlisha bibi mmoja supu. Nikaona koti la yellow mbele, na Wakesho nyuma anakimbia akipunga mikono. Nilijua ni wewe kabla hata sijawauliza."

Nikamuuliza basi kwa nini. Niliuliza kwa sauti ambayo hupaswi kumpazia mama yako.

"Wewe na hiyo pumu ningekupeleka wapi? Kule mlimani kwa Nyanya nani angekupeleka hospitali?" Alikuwa anatazama mbele, kwenye ukuta wa maegesho. "Na mlikuwa mmenishinda, wote wawili. Shift, baridi, hakuna mtu wa kunisaidia. I was so tired, mwanangu. Nilikuwa natafuta sababu ya kumrudisha mmoja. Yeye akanipa, na mimi nikachukua."

Akafunga mkanda, akaniambia tuende nyumbani.

Sijui umesimama au umekaa unaposoma hapa. Mimi nilikuwa nikidhani siri ni yangu peke yangu. Kumbe tulikuwa wawili, tunaishi nyumba moja, tunapakuliana chakula, kila mmoja akimficha mwenzake kitu kile kile. Nilimkasirikia Mama siku tatu. Nilimpa dawa zake na glasi ya maji bila kumsemesha, na yeye akazinywa bila kulalamika. Siku ya nne nikaona nina makuu mno, kukasirika kwa niaba yako wakati mimi mwenyewe ndiye niliyenyamaza. Hasira hiyo ni yako. Nikamwomba radhi Mama, na sasa nakuomba wewe. Nisamehe, dada. Ukishindwa, nitaelewa, na sitakutumia mtu wa kukubembeleza.

Na ninyi shangazi zangu, najua mtaisoma hii kabla hata ya mwenyewe. Wakesho hakuwa mkaidi. Mkaidi nilikuwa mimi, na yeye alinifuata mpaka baharini akanitoa. Mlilisema lile la kwanza harusini, na hili lisemeni harusini.

Nimeanza kuandaa barua ya mwaliko kwa ajili ya viza yako, nikitumaini kwamba safari hii hawatatukatalia. Chumba kipo. Kama utakuja na hasira yako, njoo nayo, tutaipisha ipite mlangoni. Na kama hutaki kuja, sema tu, nitakuja mimi Voi baada ya Mama kupona.

Nilimwambia Mama nitakuandikia na maneno yake ya kukuomba msamaha, aniambie tu niyaweke vipi. Alikataa kabisa. "Hiyo yangu usiiguse," alisema. "Nitamwambia kwa mdomo wangu."

Najua simu za Texas huzipokei. Miaka mingi sasa unatujibu kwa ujumbe wa Krismasi, mistari miwili, na una haki. Lakini Jumapili, mkishatoka kanisani, simu yako italia, na atakayepiga si mimi. Mama amekuwa akifanya mazoezi. Anakaa chumbani kwake, ananipigia mimi niliye jikoni, na nikipokea ananyamaza, nasikia pumzi tu, kisha anakata. Amefanya hivyo wiki nzima. Jana nilikuwa nakatakata vitunguu simu ikalia, nikaipokea kwa bega, nikangoja akate kama kawaida. Hakukata. Alisema, "Wakesho, ni mimi, Mama. Niliona kila kitu." Nikaacha kisu. Nilishindwa kumwambia kwamba aliyepokea ni mimi, si wewe. Nikanyamaza ili aendelee, na yeye akaendelea mpaka mwisho.

Nimeyasikia, dada, na hayakuwa yangu kuyasikia. Kaa salama. Ikilia, pokea.

Mdogo wako.